Chumvi Kwenye Gundi

Siku ya tatu ya azaa, yaani matanga, ya Mjomba Nassor, pale Ibra, mlango wa upande wa wanawake ulifunguliwa akaingia mwanamke mrefu mwenye fimbo, na kabla hajavua viatu nilimjua ni nani, ijapokuwa katika umri wangu wote nilimwona mara mbili tu, na mara ya mwisho nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Bi Salama wa Sur. Nikakimbilia jikoni, nikajifanya natafuta vikombe vya kahawa na vikombe viko mbele ya macho yangu. Mtu wa karibu hamsini mimi, mvi zimenijaa, na nilijificha. Nilijificha kwa sababu kwa miaka yote hii nimeamini kuwa mimi ndiye niliyemkosesha mjomba wangu mke, na mke mwenyewe ndiye yule aliyekuwa anajishusha kwenye busati polepole, anauliza kama kuna maji ya uvuguvugu. Nilimkosesha kwa chumvi. Nataka kuieleza habari hii kama ilivyokuwa, lakini niseme mapema kwamba sina uhakika nayo. Daftari nililokuwa nikiandika mwaka ule ninalo mpaka leo na halinisaidii kitu. Nikilisoma naona kama aliyeandika ni mtu mwengine, na mtu huyo kuna pahala alikuwa hataki kupaangalia.

Mwaka ule nilitolewa kwetu Maskati nikapelekwa Ibra kumwangalia bibi yangu, Bibi Zeyana, aliyevunjika nyonga, katika nyumba ya mwanawe, Mjomba Nassor. Mjomba alikuwa fundi wa pampu za maji, amefiwa na mkewe zamani, hana mtoto. Mimi skuli nilikuwa nimeiacha njiani, na kazi niliyoijua ni kudarizi kofia. Nilidhani nitakaa chini kando ya kitanda cha bibi nitoboe matundu ya kofia mpaka apone. Lakini nyumba ile ilikuwa na chumba cha juu, peke yake kwenye sakafu ya dari, kikavu kama jivu, na siku ya pili nilipopeleka chai huko nilimkuta Mjomba kapiga magoti mbele ya pembe mbili nyeusi za nyati, anazipasua kwa msumeno mwembamba, uso umejaa vumbi la pembe kama mtu aliyepakwa wanja na mtoto mdogo. Ukutani amebandika kurasa za fotokopi za maandishi ya kale ya Kiarabu, za zama watu walipokuwa wakipigana kwa mishale juu ya farasi, namna ya kuunda uta, kuchonga mshale, kushona podo la kuitia mishale. Aliyemtia wazimu huo ni Bwana Hemed wa Sur, aliyekuwa akifanya kazi naye zamani. Hemed alikuwa akipenda kupiga shabaha nyuma ya nyumba yao Aija, mtaa wa Sur. Mjomba kupiga hakujali sana. Yeye alitaka kujua tu ule uta unashikana vipi. "Mti katikati," aliniambia bila ya kugeuka, kana kwamba tumekuwa tunazungumza tangu asubuhi, "pembe tumboni, kano mgongoni. Pembe inasukuma, kano inavuta. Mti kazi yake kuwasuluhisha tu." Nikauliza ni kipi kinachozishika zisiachane. Akacheka. "Hapo ndipo penyewe."

Kilichozishika ni gundi, na gundi ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba. Alikuwa akichemsha vipande vya ngozi katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyengine, moto mdogo, saa sita saba. Bibi Zeyana chini alikuwa akichoma udi mpaka moshi unatoka dirishani, na bado. "Nassor!" anapiga kelele kutoka kitandani. "Wenzio wa rika lako wananunua ngamia, weye unachemsha kwato!" "Si kwato, mama, ni ngozi." "Harufu ya kwato!" Na tukikaa kula, bokoboko au wali na papa, anamnusa mkono mwanawe kabla hajautia sahanini. Mjomba ananyoosha mkono unuswe, kimya, kama mtoto wa chuoni. Ndivyo walivyokuwa, na mimi nikaipenda nyumba ile kwa namna ambayo sikuwahi kupenda nyumba. Siku ya kumi nilikuwa nimeanza kushona podo la ngozi ya mbuzi, kwa mishono ya kofia, na Mjomba akaligeuza mkononi akasema, "Hivi kumbe tulikuwa na fundi chini, tunamkalisha na beseni." Sijui kama watu wanafahamu neno kama hilo linamfanyia nini mtu aliyeacha skuli. Basi nikawa na meza yangu karibu na dirisha.

Ilipofika Idi Kubwa, nyumba zote za mtaa zinachinja, nikatumwa kukusanya kano, zile nyuzi nyeupe ngumu za nyuma ya miguu ya mnyama. Nikenda na ndoo mlango kwa mlango. Mama Khamis, jirani yetu, mtu wa Ibra hasa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiarabu, alinisimamisha mikono imejaa damu. "Kano za nini, yaa binti?" Za mjomba wangu. "Anakula?" Hali, anazibandika kwenye mti. Akawageukia wakwe zake: "Hawa watu wa Zinjibari! Mkono mmoja msahafu, mkono mmoja kano za mbuzi." Wakacheka wote. Bibi Zeyana akasikia kutoka dirishani, maana masikio yake hayakuvunjika. "Mwambie uchawi wetu tuliuacha bandarini! Tulipofika hapa tukakuta wa mji wa Bahla umeshajaa, hapana nafasi!" Mama Khamis akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na tukapewa miguu ya mbuzi wanane na kongoro la ng'ombe. Nilizikausha kano juu ya dari, nikazitwanga kwa jiwe, nikazichambua nyuzi nyuzi kama katani, wiki tatu, vidole vikachubuka. Nayasema haya si kwa kujisifu. Nayasema ili ijulikane kwamba nilitaka uta ule uwe mzuri. Nadhani nilitaka.

Maana pembe na kano hazibandikwi kwa gundi ya ngozi peke yake. "Gundi ya ngozi rafiki, gundi ya samaki ndugu," Mjomba alikuwa akisema. Inatengenezwa kwa vibofu vya samaki, vile vifuko vya pumzi vya ndani, vikaushwe, vilowekwe, viyeyushwe kwa moto wa mshumaa. Akampigia Hemed simu Sur, na baada ya wiki likaja kopo kubwa la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa cha maua, na juu yake kijikaratasi kwa mwandiko mzuri: vibofu nimevikausha mwenyewe, nimevitia chumvi visije vikaoza njiani, Salama. Alikuwa dada yake Hemed, ameachika zamani, anaishi kwao. Kitu chochote kinachotoka baharini, Sur watu wanakitia chumvi. Ndio ukarimu wao, na hakuna mtu wa pwani angefanya vyengine. Mjomba alikisoma kikaratasi akakitia mfukoni. Bibi Zeyana akamtazama. "Mwanamke hamtumii mwanamume kopo la matumbo ya samaki bure," alisema. "Vibofu, mama." "Hata vikiwa vibofu." Mjomba akageuka akaniambia: "Thuwaiba, chumvi hii itoke yote. Viloweke, umwage maji, uloweke tena. Mara tatu kwa uchache. Chumvi inaita maji, na gundi na maji ni maadui." Hayo aliyasema wazi. Sitaki mtu aje aseme sikuambiwa.

Sasa ndio hapa. Siku hiyo hiyo, nikiwa jikoni, nilisikia kupitia lile tundu la kupitishia sahani baina ya jikoni na chumba cha bibi, mama na mwanawe wanazungumza. "Umuoe," Bibi anasema. "Kwani unangoja nini? Nife?" "Nampelekea kaka yake uta kwanza," Mjomba akasema. "Nataka nikiingia nyumba ile niingie na kitu cha mkono wangu, nisiende mikono mitupu kama mtu anayeomba kazi." Bibi akauliza: "Na huyu mtoto?" "Mtoto gani?" "Thuwaiba. Mke akija, huyu atakaa kufanya nini? Atarudi kwao Maskati." Na Mjomba akajibu, kwa sauti ya mtu anayefikiri jambo jengine: "Ndiyo, atarudi." Basi, maneno mawili. Hakuyasema kwa ubaya, na alikuwa na haki kuyasema. Katika daftari nimeandika ukurasa ule ule mambo mawili. Moja: nimesikia Mjomba anaoa, nitarudi Maskati. Jengine: vibofu vimekuja, vina chumvi, nimeosha. Nimeosha, tu. Sikuandika mara ngapi, wala sikuandika lipi lilikuwa asubuhi na lipi alasiri. Nimekaa na ukurasa ule miaka kwa miaka kama hakimu mwenye shahidi mmoja bubu. Nakumbuka beseni la buluu. Nakumbuka maji ya kwanza, yalivyokuwa na ukungu. Maji ya pili siyakumbuki. Yanaweza kuwa yalikuwepo nikasahau. Au nilichoka, bibi akaniita, nikaona inatosha. Au, na hili ndilo ninaloliogopa, nilisimama mbele ya beseni nikajua kabisa, nikafunga mfereji.

Gundi ilishika. Hilo ndilo lililonichanganya baadaye: ilishika vizuri mno. Mjomba alibandika pembe, akangoja, akatandaza kano zangu mgongoni mwa uta tabaka kwa tabaka, mimi namkabidhi nyuzi zimelowa gundi, yeye anazilaza kwa kitana cha mfupa. Kisha akaukunja kinyume, ncha zikakaribia kukutana, akaufunga kamba na kuutundika katika kile chumba kikavu, miezi na miezi. Tulichonga mishale. Nilisokota ugwe, kamba ya uta, kwa hariri ya kudarizia kofia. Ijumaa moja tukenda Nizwa, tukapita katikati ya mnada wa mbuzi mpaka kwa mfua fedha, kuagizia pete ya kidole gumba ambayo wapiga uta wa zamani walikuwa wakivutia ugwe. Mzee yule akapima kidole cha Mjomba akasema, "Bwana harusi, mbona unakosea kidole?" Mjomba akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Nilicheka naye. Wallahi nilicheka kwa moyo safi, na usiniulize vipi mtu anaweza kucheka hivyo na huku anahesabu siku zake za kufukuzwa. Nilikuwa mmoja, na nilikuwa wawili.

Siku tuliyoujaribu ilikuwa wadini, kwenye bonde la mto mkavu, baada ya alasiri, mimi na yeye na vijiwe. Uta wa namna ile ukiwa hauna ugwe umejikunja mbele, na kuutia ugwe inabidi uugeuze kinyume cha vile unavyotaka wenyewe, na Mjomba aliukalia, akaupandisha gotini, akatokwa jasho, mara ukakubali, ukawa na umbo kama midomo ya mtu anayetaka kusema kitu. Akaweka mshale. Sauti yake ilikuwa ndogo, fyu, basi. Mshale ukavuka kichaka tulichokikusudia, ukavuka ukingo, ukapotea upande wa mitende. Tuliutafuta mpaka magharibi hatukuuona. Mjomba anatafuta huku anacheka peke yake. "Umekwenda wapi? Thuwaiba, umekwenda wapi?" Sijamwona mtu mzima ana furaha vile tena.

Tukaupeleka Sur mwisho wa miezi kumi. Bwana Hemed aliupokea kwa mikono miwili, akautundika majlisi kwake, chumba cha wageni, madirisha yanaangalia khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Bi Salama nilimwona siku ile kwa mara ya kwanza, alituletea halwa mpaka mlango wa ndani, akaniuliza mimi, si Mjomba, "Vibofu vilifaa?" Nikasema vilifaa. Alikuwa na uso mzuri. Nilitafuta kitu cha kumchukia nikakosa. Wiki tatu baadaye, joto limeanza, hewa ya Sur iko kama nguo iliyolowa, Hemed akapiga simu. Tulipofika uta ulikuwa umelazwa juu ya kitambaa sakafuni, kama maiti. Pembe imeachana na mti kuanzia mkono mmoja mpaka katikati, imejipinda nje. Kano za mgongoni zinang'aa zimetota, ukizigusa zinavutika. Hemed alikuwa muungwana, lazima niseme. "Hewa ya bahari, Nassor. Si kosa lako, ni mji wetu huu." Lakini Mjomba alikuwa hamsikilizi, alikuwa anapitisha kidole kwenye ule ufa, kwenda na kurudi. Wao walipoondoka kwenda kunawa, nikagusa gundi nikatia kidole mdomoni. Ilikuwa chumvi. Wakarudi, tukala samaki, na tulipokuwa tunavaa viatu Hemed akamwambia Mjomba pembeni, nikasikia: "Na ile habari nyengine, ndugu yangu, tuiache." Mjomba akasema, "Tuiache," kama aliyekuwa anaijua kauli ile kabla haijatoka.

Garini tukapita mji wa Al Kamil, tunarudi Ibra. Kisha akainua mikono kutoka kwenye usukani, yote miwili, gari linakwenda, akaitazama. "Kumbe hii si mikono ya kazi hii," akasema. "Nilijidanganya tu." Hapo ndipo palikuwa pangu. Njia imenyooka, hakuna mtu, maneno yenyewe machache: Mjomba, gundi ilikuwa na chumvi, sikuiosha sawasawa. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mjomba, una njaa?" Akasema hana. Nilinyamaza kwa sababu kama ningesema chumvi, angeuliza kwa nini, na kwa nini ndiyo niliyokuwa sina, au ninayo nyingi mno. Wiki ile akashusha vitu vyote vya chumba cha juu, misumeno, vitana, fotokopi, akampa mtu. Hakutengeneza uta mwengine maisha yake. Hakuoa. Mimi nikarudi Maskati hata hivyo, bibi alipopata kutembea. Na katika ukoo ikawa kitu kikivunjika, mlango ukichomoka, keki ikianguka, watu wanasema "uta wa Nassor" na wanacheka, na yeye alikuwa anacheka nao. Nilikuwa nasikia. Nilikuwa natafuta vikombe.

Basi mwaka huu, siku ya tatu, sikuweza kukaa jikoni milele. Nikatoka na dala, birika la kahawa, nikamwamkia Bi Salama shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono asiuachie. "Wewe ndiye wa kofia," akasema. Sijui nini kilinifungua. Nilimmwagia pale pale, chini kwa chini, beseni, tundu la sahani, maji ya pili nisiyoyakumbuka, kila kitu, na nikamwomba radhi kwa kumkosesha mume. Akanitazama, kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Chumvi!" alisema. "Mwanangu, mie nilikwishakataa. Kaka aliniuliza siku ile ile mliyouleta. Nilikuwa na baba mgonjwa kitandani, na mie na Ibra wapi na wapi, mji hauna bahari. Hemed alikuwa hajui amwambieje mwenziwe. Ule uta ulipofumuka alimshukuru Mungu, akapata mlango wa kupitia."

Nilipaswa kufurahi. Kwa kiasi cha pumzi moja nilifurahi, kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha yeye akaacha kucheka. "Lakini kwa nini aliacha ile kazi?" akauliza. "Miaka yote nimedhani ni mimi, kwamba nilimvunja moyo. Nilikuwa nikisikia hatengenezi tena, nikasikitika. Wewe ulimwambia habari ya chumvi?"

"Sikumwambia."

"Hata baadaye? Hata juzi juzi?"

"Hata."

Akaniachia mkono. Hakunifanyia ubaya, aliuweka tu juu ya goti langu kama kitu alichokiazima. "Basi alikufa akijua kosa ni lake," akasema. Halikuwa swali. Na sikuwa nimeliona hivyo kabla, wallahi. Kwa miaka yote nilikuwa napima mke, mke, mke, na kumbe kilichoondoka katika nyumba ile hakikuwa mke. Labda aliacha kwa ajili ya Bi Salama. Labda kwa ajili ya mikono. Labda alichoka tu, watu huchoka. Wa kujua alikuwa mmoja, na nilikula naye kila Idi.

Raya, mtoto wa binamu yangu, msichana wa chuo Nizwa, alikuwa kakaa karibu na trei ya tende, kasikia nusu. "Khalati, mnasema ule uta uliharibika?" akauliza, na sauti yake iko juu kama za vijana wote. "Mjomba Nassor si alijaribu tu, hakuweza?"

Chumba kizima kikageuka. Binamu zangu, Mama Khamis aliyekuwa sasa mzee sana, wakwe zake. Nikaweka dala chini. Nikasema aliweza. Nikasema uta ule ulirusha mshale ukavuka wadi tukaukosa, nilikuwepo, na kila kiungo cha kazi ile kilikuwa sawa isipokuwa kimoja, na hicho alinipa mimi nikifanye, akanieleza vizuri, nami sikukifanya. Nikasema yeye alidhani ni mikono yake, nami nikamwacha adhani. Hakuna aliyenikemea. Binamu yangu mmoja akasema, "Yaa Rabbi," polepole, mwengine akavuta buibui lake. Nilikuwa nangoja wanitukane.

Raya alikuwa bado ananitazama, tende mkononi. "Sasa," akasema, na hakuwa anashambulia, alikuwa anataka kujua kweli, "sasa sisi tunamwambia nani?"